Hewa Iliyotoka Ndani ya Jiwe

Karibu na Goma, kwenye uwanda wa mawe meusi ya volkano kati ya mlima Nyiragongo na Ziwa Kivu, kuna vibonde ambavyo wenyeji huviita mazuku. Kwa macho havina tofauti na vibonde vingine: mawe, majani, kivuli kidogo. Mbuzi akishuka kula majani alfajiri, upepo ukiwa umetulia, hapandi tena. Mtoto akimfuata kumrudisha, naye hapandi. Hakuna moshi wala moto, na mara nyingi hata harufu hakuna. Kilichojaa humo ni hewa ukaa inayopenya kutoka kwenye miamba ya chini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama bondeni kama maji yanavyotuama kwenye karai. Mtu mzima aliyesimama wima huenda kichwa chake kikawa juu ya dimbwi hilo lisiloonekana. Akiinama kuokota kuni, anazama.

Tumezoea kuyaona mazuku kama balaa la mahali pamoja. Kwa kipimo cha umri wa dunia mambo ni kinyume: hewa isiyo na oksijeni ndiyo iliyokuwa ya kawaida, na hii tunayoivuta ndiyo ngeni. Dunia ina miaka bilioni 4.54. Kwa karibu nusu ya muda huo angani hamkuwa na oksijeni ya kuhesabika, na kwa karibu sehemu tisa kati ya kumi haikuwa ya kumtosha binadamu. Kwa hiyo anayeuliza angahewa ilitoka wapi anauliza mambo mawili. Gesi hizi zilifikaje juu ya dunia? Na oksijeni, ambayo hupenda kuungana na karibu kila kitu inachokigusa, ilipataje nafasi ya kubaki huru? La kwanza wataalamu wamekubaliana kwa sehemu kubwa. La pili bado wanalipigania, na ndilo lenye utamu.

Tandika mkeka wa mita moja kwa mita moja uani kwako, Tanga au Mombasa. Hewa iliyo juu ya mkeka huo, kutoka chini hadi inapokwisha huko juu, ina uzito wa takriban tani 10. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni, karibu 21 ni oksijeni, na karibu moja ni argoni. Hewa ukaa, pamoja na kelele zote zinazopigwa juu yake, ni kama sehemu 4 tu katika kila 10,000.

Wazo linalomjia mtu haraka ni kwamba hewa ni masalia ya lile wingu la gesi na vumbi lililozaa Jua na sayari zake. Gesi ya neoni inalikataa wazo hilo. Kwenye Jua, neoni na naitrojeni zinakaribiana kwa wingi. Kwenye hewa yetu naitrojeni ni sehemu 78 katika kila 100, ilhali neoni ni sehemu 18 katika kila milioni. Sasa, neoni haiungani na chochote. Haiwezi kujificha ndani ya mwamba wala kugeuka chumvi. Kama hewa yetu ingekuwa masalia ya wingu lile, neoni ingejaa angani. Haipo, maana yake gesi za mwanzo zilipeperuka zikapotea, na hizi tulizo nazo zilikuja zikiwa zimefungwa ndani ya vitu vigumu, kisha zikatolewa. Mwaka 1951 mwanajiolojia Mmarekani William Rubey alijenga hoja nzito kwamba bahari na hewa vyote vilitoka tumboni mwa dunia.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni ule wa argoni, gesi ambayo hakuna anayeijali kwa sababu haina kazi mwilini. Karibu yote iliyomo hewani ni argoni ya aina moja, yenye uzito wa 40, na aina hiyo huzaliwa ndani ya mawe. Miamba kama ya matale ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo huoza polepole mno: nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25. Sehemu ya kile kinachooza hugeuka argoni, ikakaa imefungwa ndani ya jiwe mpaka jiwe liyeyuke au lipasuke. Yaani katika kila pumzi unayoivuta, karibu sehemu moja kati ya 100 ilizaliwa ndani ya mwamba, atomi kwa atomi.

Hapo mwanzo kazi hiyo ilikuwa ya fujo. Dunia iligongwa na miamba mikubwa, na inaaminika kwamba iligongwa pia na kitu chenye ukubwa wa sayari, mgongano uliozaa Mwezi. Uso wake ukawa bahari ya mawe yaliyoyeyuka. Mawe yakiyeyuka hutoa gesi kama uji mzito unavyotoa mapovu: mvuke wa maji, hewa ukaa, naitrojeni, gesi za salfa. Uso ulipopoa, mvuke ukashuka kuwa mvua, na mvua ikawa bahari. Hilo halikuchukua muda mrefu. Huko Jack Hills, magharibi mwa Australia, zimepatikana punje za zirkoni, nyingine zikiwa na umri wa miaka bilioni 4.4, na atomi zake zinaonyesha kwamba zilitokana na mawe yaliyowahi kuguswa na maji. Baada ya hapo volkano ziliendelea kuchangia kidogo kidogo, na zinaendelea hadi leo. Mazuku ni sehemu ya mchango huo.

Mwaka 1953 mkemia Stanley Miller alipotengeneza chembe za kujengea uhai ndani ya chupa kwa cheche za umeme, alijaza humo methani, amonia na haidrojeni, akiamini ndiyo hewa ya kale. Wanajiolojia wengi wa leo wanaona hewa hiyo ilikuwa zaidi ya naitrojeni na hewa ukaa, na gesi za Miller zilikuwa za nyongeza. Jaribio lake halikupoteza thamani, lakini chupa yake haikuwa picha ya dunia nzima.

Hapa linazuka jambo la ajabu. Zuhura, sayari jirani yenye ukubwa unaokaribiana na wa kwetu, ina hewa nzito mara 90 na zaidi kuliko yetu, na karibu yote, asilimia 96.5, ni hewa ukaa. Sisi tunayo sehemu 4 katika 10,000. Ya kwetu ilikwenda wapi?

Jibu nililiona pwani kabla sijajua kwamba ni jibu la chochote. Kuchoma chokaa ni kazi ya zamani: magogo hupangwa kwa duara, mawe ya matumbawe hurundikwa juu, moto unawashwa na kuachwa uwake usiku kucha. Asubuhi, majivu yakipoa, unaokota jiwe na mkono unashtuka. Umbo ni lile lile, hata vitundu vya matumbawe vinaonekana, lakini uzito umepungua karibu nusu. Ukilimwagia maji linafoka, linatoa mvuke wa moto, linapasuka na kuanguka kuwa unga mweupe. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikiiva sawasawa hubaki kilo 56. Zile kilo 44 hazikuwa maji, wala hazikuwa moshi wa kuni. Zilikuwa hewa ukaa, iliyofungwa ndani ya jiwe na wadudu wa baharini waliolijenga. Na ukiipaka chokaa ukutani, mwaka hadi mwaka inavuta hewa ukaa ile ile kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana ukuta mzuri wa Lamu au wa Mji Mkongwe ulikuwa ukizidi kuwa mgumu baada ya fundi kwenda zake.

Hewa ya Zuhura ya kwetu iko humo, basi: ndani ya mawe ya chokaa ya ulimwengu mzima. Yote yangechomwa kama yale ya tanuri, hewa ukaa ambayo ingetoka ingekaribiana na ile inayoielemea Zuhura. Tofauti ni maji. Mvua inayopita hewani huchukua hewa ukaa kidogo na kuwa tindikali hafifu. Tindikali hiyo hula miamba, mito hubeba madini yake hadi baharini, na huko hutengenezwa chokaa. Zuhura, iliyo karibu zaidi na Jua, haikubaki na bahari ya kufanya kazi hiyo.

Mzunguko huo una tabia iliyookoa uhai. Dunia ikipata joto, mvua huongezeka na miamba huliwa haraka, hewa ukaa ikapungua na joto likashuka. Dunia ikipoa, miamba huliwa polepole, volkano zikaendelea kutoa, na joto likarudi. James Walker, P. B. Hays na James Kasting waliieleza tabia hii mwaka 1981, wakijibu fumbo ambalo Carl Sagan na George Mullen walikuwa wamelitangaza mwaka 1972: Jua la mwanzo lilikuwa na mwanga pungufu kwa karibu asilimia 30, kwa nini bahari hazikuganda? Hewa ukaa nyingi, na huenda methani pia, zilikuwa blanketi.

Blanketi hilo liliwahi kuteleza. Kaskazini mwa Namibia, katika eneo la Otavi, kuna tabaka za mawe yaliyobebwa na barafu zikiwa zimefunikwa moja kwa moja na tabaka nene za chokaa, aina ya mwamba inayotengenezwa kwenye bahari yenye joto. Barafu, kisha ghafla joto. Paul Hoffman na wenzake waliandika mwaka 1998 kwamba hapo panaonekana dunia iliyoganda karibu yote, hadi kwenye ikweta. Vipindi viwili vikubwa vya kuganda namna hiyo viliangukia kati ya miaka milioni 717 na 635 iliyopita. Barafu ilipofunika nchi, mvua haikuweza tena kula miamba. Volkano zikaendelea kupumua bila wa kuzipokea, mpaka hewa ukaa ikajaa kiasi cha kuyeyusha kila kitu. Mfumo ulijirekebisha, lakini kwa mwendo wa mamilioni ya miaka. Mwendo huo ni wa kukumbuka.

Sasa oksijeni.

Volkano hazitoi oksijeni. Inatoka kwa viumbe wanaotumia mwanga wa Jua kupasua maji, kazi tunayoiita usanisinuru. Wa kwanza kuifanya kwa njia hiyo walikuwa bakteria wa majini wa rangi ya kijanibuluu, ambao vizazi vyao bado viko kwenye kila dimbwi. Miamba inasimulia lini kazi yao ilianza kuonekana angani, na Afrika ina kurasa nzuri za kitabu hicho.

Ukurasa mmoja uko Witwatersrand, Afrika Kusini, kwenye machimbo yaliyoijenga Johannesburg. Pamoja na dhahabu, changarawe za mito ya kale zina vipande vya pairaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa, na punje za madini ya urani. Vimeviringika kama kokoto zilizosukumwa na maji. Leo pairaiti ikiachwa kwenye mto unaotiririka huliwa na kutu ikaisha, wala haipati muda wa kuviringika. Mito ile, karibu miaka bilioni 2.9 iliyopita, ilitiririka chini ya anga lisiloleta kutu.

Ukurasa wa pili uko Geita. Mwamba unaobeba dhahabu nyingi ya huko ni mwamba wa mistari: utepe wa madini ya chuma, utepe wa silika, tena chuma, tena silika, wakati mwingine myembamba kama kurasa zilizobanwa. Ukikishika kipande chake kikiwa kimelowa, mistari inang'aa myeusi na myekundu. Ni tope la bahari iliyokuwa na chuma kilichoyeyuka ndani ya maji, kama chumvi ilivyoyeyuka leo. Umri wake ni karibu miaka bilioni 2.7. Chuma hakiwezi kuyeyuka namna hiyo kwenye maji yenye oksijeni. Kinaganda na kuzama mara moja. Nani alikigandisha, bado kuna ubishi. Wengine wanasema ni oksijeni ya bakteria wale, iliyomezwa na chuma kabla haijafika juu. Wengine wanasema kuna bakteria wanaoweza kukishikisha chuma kutu kwa mwanga tu, bila oksijeni kabisa. Nadhani wote wana sehemu ya haki, kwa nyakati tofauti.

Ushahidi uliomaliza ubishi wa tarehe ulitoka kwenye salfa. Salfa ina aina nne za atomi zinazotofautiana kwa uzito, na karibu kila tukio duniani huzipanga kwa kufuata uzito huo. Mwaka 2000, James Farquhar, Huiming Bao na Mark Thiemens walionyesha kwamba kwenye miamba mikongwe mpangilio huo umevurugika kwa namna isiyofuata uzito. Uvurugaji wa aina hiyo unahitaji mionzi mikali ya Jua ipenye chini na kupasua gesi za salfa, na alama yake ihifadhiwe; hayo hayawezekani penye oksijeni, hata iwe sehemu moja kati ya 100,000 ya hii ya leo. Alama inaonekana, inaonekana, kisha kati ya miaka bilioni 2.4 na 2.3 iliyopita inatoweka. Huo ndio mlango wa oksijeni kuingia angani.

Lakini dalili za bakteria wenyewe huenda ni za zamani zaidi kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kwa nini oksijeni ichelewe hivyo? Hapa ndipo ninapotaka kubishana na msemo tunaowafundisha watoto, kwamba misitu ni mapafu ya dunia. Mti hutoa oksijeni unapokua, ni kweli. Ukifa ukaoza, au ukiungua, oksijeni ile ile inatumika kuurudisha hewani kama hewa ukaa. Hesabu inafunga kwenye sifuri. Mimea yote ya dunia ingeteketea leo, oksijeni ingepungua kwa sehemu ndogo sana ya asilimia moja. Misitu tuilinde kwa mvua, kwa udongo, kwa wanyama na kwa ukaa inaoushika, na sababu hizo zinatosha. Lakini oksijeni tunayoivuta haikutoka kwenye msitu ulio hai. Ilitoka kwenye mizoga ambayo haikuoza.

Kiumbe kikifa kikafukiwa na tope kabla oksijeni haijakifikia, ukaa wake unabaki chini, na oksijeni iliyotolewa ulipotengenezwa inabaki juu bila mwenzake. Molekuli moja kwa kila atomi ya ukaa iliyozikwa. Akiba yote iliyo juu ya ule mkeka wako uani imekusanywa hivyo, tope baada ya tope. Na hata iliyokusanywa ilikuwa na wadai: chuma cha baharini na gesi za volkano zenye njaa ya oksijeni. Miaka mingi wadai walikuwa wengi kuliko akiba. Wengine wanaongeza kwamba haidrojeni, nyepesi mno, ilikuwa ikivuja kwenda anga za mbali na kuiacha dunia ikishika kutu polepole. Siku wadai walipozidiwa, oksijeni ilianza kubaki.

Hata hapo haikupanda moja kwa moja. Kwa zaidi ya miaka bilioni ilibaki kidogo, na ilipanda tena kwenye kipindi kilichozunguka kuja kwa wanyama, karibu miaka milioni 540 iliyopita. Njiani ilizaa ozoni, pazia linalozuia mionzi ya Jua, ambalo bila hilo nchi kavu ingekuwa jiko. Baadaye, misitu ya kinamasi ilipozikwa kwa wingi, hesabu zinaonyesha oksijeni ilipanda hadi karibu asilimia 30. Mabaki ya wadudu wa wakati huo yanatisha: kereng'ende wa jamii ya Meganeura alikuwa na mabawa ya karibu sentimita 70 kutoka ncha hadi ncha. Mkaa uliogeuka jiwe unatusaidia kupima kwa upande wa chini, maana oksijeni ikishuka chini ya takriban asilimia 15 moto wa nyika hauwezi kuenea. Na mkaa unapatikana kwenye miamba tangu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.

Makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma, kusini mwa Tanzania, ni mabaki ya misitu ya baadaye kidogo kuliko ya kereng'ende wale. Ukilishika bonge lake, jeusi, linalochafua viganja, umeshika nusu ya hesabu. Nusu nyingine unaivuta puani. Kulichoma ni kuzikutanisha baada ya zaidi ya miaka milioni 250.

Tumezikutanisha kwa kasi. Barafu ya Antaktika imehifadhi mapovu ya hewa ya kale hadi miaka 800,000 nyuma, na katika muda huo wote hewa ukaa ilicheza kati ya sehemu 170 hivi na 300 katika kila milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa karibu 315. Sasa imepita 420. Anayedhani ni volkano aangalie vitu viwili. Ukaa unaoongezeka hewani hauna zile atomi zenye mnururisho zinazopatikana kwenye ukaa mchanga, kwa hiyo umekaa chini ya ardhi muda mrefu sana. Na oksijeni inapungua, sehemu chache katika milioni kila mwaka, kwa mwendo ulioanza kufuatiliwa na Ralph Keeling, mwana wa Charles, mwishoni mwa miaka ya 1980. Volkano haili oksijeni kiasi hicho. Moto ndio unaokula. Kupungua huko hakutatukosesha pumzi. Ni stakabadhi tu, lakini imetimia.

Jiwe litaupokea ukaa huu, kama lilivyopokea ule wa Namibia. Oman, kwenye milima ya Hajar nyuma ya Muscat, unaweza kuliona likifanya kazi. Miamba ya huko ilipanda kutoka chini ya sakafu ya bahari na haijazoea hewa wala mvua. Kila panapopasuka, maji yanaingia, na hewa ukaa iliyomo inaganda kuwa mishipa myeupe ndani ya jiwe jeusi, kama nyuzi zilizoshonwa. Peter Kelemen na Jürg Matter walikadiria mwaka 2008 kwamba miamba hiyo hunyonya kati ya tani 10,000 na 100,000 za hewa ukaa kwa mwaka, bila kusaidiwa na mtu. Binadamu kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa mwaka. Kiasi ambacho milima yote hiyo hukinyonya kuanzia Januari hadi Desemba, sisi hukitoa kwa muda usiofika dakika mbili.